Barua ya malalamiko: Safari yetu ya Saadani na Bagamoyo

Meneja,
Ofisi ya Arusha.

YAH: KUTOTIMIZWA KWA RATIBA TULIYOLIPIA, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kutoka Moshi kwa niaba ya mume wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu. Tulilipia kwenu wikiendi ya wanyama na mambo ya kale huko pwani. Ankara yenu, ambayo nakala yake nimeiambatisha, inataja matembezi ya alfajiri Saadani, boti katika mto Wami, magofu ya Kaole na misheni ya Bagamoyo. Boti hatukupanda. Kaole hatukufika. Misheni tulipitishwa kama watu wanaofukuzwa.

Hoteli na chakula sina neno navyo.

Jumamosi gari lilipaswa kutuchukua saa kumi na mbili asubuhi. Dereva alifika saa tatu na nusu, akasema alikuwa anatafuta mafuta. Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua kwamba jua likishakuwa kali wanyama huingia vichakani. Tuliambulia twiga kwa mbali na ngiri wachache. Watoto wanaokulia karibu na Tarangire na Hifadhi ya Arusha hawasafiri hadi pwani kwa ajili hiyo. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi, na walichokuwa wakikisubiri ni mto Wami: viboko na mamba, kisha mikoko na baharini, vyote katika safari moja ya boti. Tulipouliza, tukaambiwa boti haikuwekewa nafasi. Fedha yake mlikuwa mmeshapokea.

Lakini lililoniumiza zaidi ni la Jumapili. Mama mkwe wangu ni muumini wa parokia ya Kilema, huku kwetu Kilimanjaro. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 ni wa shirika lilelile lililokuja baadaye kufungua misheni ya Kilema, na huku kwetu wazee huwataja kila inapozungumzwa kahawa ya kwanza ya Kilimanjaro. Alitaka kupaona walikoanzia. Ni mtu mzima, miguu inamsumbua, na alivumilia barabara yote ile kwa ajili ya hapo tu. Mwongozaji wenu alitupa dakika kumi na tano kwa sababu, alisema, tungechelewa kurudi. Kaole akaifuta kabisa kwa sababu hiyohiyo, ingawa iko kilomita chache tu kutoka mjini. Msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, tulivyowaahidi watoto tangu tulipolipa, tuliviacha nyuma yetu.

Na hizo dakika kumi na tano zilitumikaje? Mwongozaji aliwaambia wanangu kwamba Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alifia Bagamoyo. Binti yangu alipouliza nani aliyemzika, akajibiwa, "Wazungu wenzake." Si kweli, na kwa kijana wa Kitanzania anayelipwa kueleza historia, hili siwezi kulinyamazia. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake hukohuko chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Waafrika ndio waliofanya kazi hiyo, na majina yao yanajulikana. Mtoto aliyekuja kujifunza akaondolewa hata hayo, mahali palepale walipoufikisha mwili.

Naomba mturejeshee fedha zote za boti na za Kaole, na sehemu ya gharama ya mwongozaji. Naomba pia maelezo kwa maandishi kuhusu nani aliamua kuifupisha Jumapili, na kwamba mtu huyo hatapewa tena kundi la Bagamoyo kabla hajafundishwa. Huko Bagamoyo wapo waongozaji wenyeji wanaoijua historia yao. Wachukueni hao, hata bei ikipanda tutalipa.

Nategemea majibu yenu ndani ya siku kumi na nne. Yasipofika, nitapeleka barua hii pamoja na ankara na stakabadhi zenu Wizara ya Maliasili na Utalii, inayotoa leseni za wakala wa utalii, na kwa Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
Moshi.

Viambatisho: nakala ya ankara, stakabadhi ya malipo na ratiba mliyotutumia.