Risala ya Wahitimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Mwenzetu Aliyekuwa Askari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule pamoja na walimu wote,
Baba na Mama wa marehemu, na ndugu zake mliofika,
Wahitimu wenzetu na wanafunzi,

Sisi tuliosoma darasa moja na marehemu tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, hasa kwa kuwa si kila tuliyemwalika kabla yako aliitikia. Wapo waliotuuliza shughuli yenyewe ni ya nini, na tulipoeleza kwamba tunamkumbuka kijana aliyerudi salama kutoka vitani kisha akajitoa uhai akiwa nyumbani, ratiba zao zilijaa ghafla. Wewe hukuuliza swali la pili. Tunaamini ni kwa sababu nawe uliwahi kuvaa sare, ukaja ukaivua, na unajua kwamba kuivua hakumaliziki siku ile unayoirudisha ghalani.

Tumekubaliana na familia kwamba risala hii isitaje jina lake. Jina hilo tungependa lisomwe mahali pengine, na mahali penyewe tutapataja kabla hatujamaliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukituuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, wengi wetu tutaanza na habari ya kuhesabu. Katika kila safari ya shule, kabla gari halijaondoka, yeye ndiye aliyesimama mlangoni akatuhesabu kichwa kwa kichwa, wala hakuna mwalimu aliyemtuma. Safari moja alimzuia dereva kwa karibu robo saa kwa sababu hesabu ilipungua mmoja, nasi tukamzomea, mpaka mwanafunzi mmoja mgeni alipotokea akikimbia huku machozi yakimtoka. Alikuwa pia mcheshi wa polepole, ambaye utani wake unauelewa umeshafika kitandani, na alikuwa mtu wa kufungua redio mbovu ili aone tu kilichomo ndani. Tunaanza na haya kwa makusudi, kwa kuwa tangu afariki watu humzungumzia kana kwamba miaka yake yote 26 ilikuwa safari ya kuuelekea usiku ule mmoja. Haikuwa hivyo, na sisi tulioishi naye ni mashahidi.

Alijiunga na jeshi akiwa na miaka 19, akatumikia miaka mitano, akapelekwa vitani mara mbili, akarudi na viungo vyake vyote. Hilo la viungo ndilo lililotudanganya. Tulimpokea kwa shangwe, tukapiga naye picha, tukamshika mabega tukisema amerudi mzima, na baada ya wiki mbili kila mmoja wetu akarejea kwenye shughuli zake akiamini kwamba habari ya vita imekwisha.

Mtuwie radhi tukichepuka kidogo kuzungumzia lugha. Mtu aliyetoka jeshini tunamwita askari mstaafu, na neno mstaafu likitajwa, anayekuja akilini ni mzee mwenye mvi, bakora na kiinua mgongo. Kijana wa miaka 24 aliyeshuhudia yale ambayo wazee wengi hawajayashuhudia, kisha akarudi kupanga foleni ya kutafuta kazi pamoja na wadogo zake, hatuna jina lake. Tunadhani upungufu huo wa jina ulichangia tusimwone. Jeshini aliongoza watu sita, alijua mawasiliano ya redio na huduma ya kwanza, lakini kila alipopeleka barua ya maombi alijibiwa kwamba nafasi iliyopo ni ya ulinzi wa getini, maana si ni askari? Kazi ya ulinzi ina heshima yake na aliifanya. Kilichomuumiza, alivyomweleza mmoja wetu, ni kwamba getini hapakuwa na mtu wa upande wake. Jeshini kulikuwa na wenzake kulia na kushoto usiku na mchana, na kila mmoja alijua ni nani anayemtegemea. Huku uraiani alilinda mali za watu waliopita bila kujua hata jina lake.

Tuliona mambo. Alikaa siku zote akiutazama mlango, viatu vyake vililala kando ya kitanda vimeelekezwa nje, na kelele ya ghafla ilimfanya anyamaze kwa saa nzima. Tulipomuuliza alijibu, "niko sawa," nasi tukalipokea jibu hilo kwa haraka ya mtu aliyekuwa akiomba alisikie. Siku moja alipojaribu kufungua mdomo, aliyekuwa naye alimwambia ajikaze, kwani mwanamume ni kujikaza. Aliyesema hivyo yumo katika kundi letu, na ni kwa idhini yake tumeliandika hapa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kile ambacho sote tulifundishwa kusema.

Msibani tulisikia methali ile ya mficha maradhi, kwamba kifo humuumbua. Kwa heshima zote kwa wazee waliotutangulia, tunaona methali hiyo haikumstahili marehemu. Yeye hakuficha kwa kiasi tunachojisingizia. Alionyesha kwa njia alizoziweza, na sisi ndio tuliomfunika kwa pongezi. Wala hatutaki kugeuza risala hii kuwa hukumu juu yetu au juu ya wazazi wake, kwa kuwa wataalamu wa afya ya akili husema kwamba mtu hafikii kujiua kwa sababu moja tu, bali mambo mengi hukutana kwa wakati mmoja: maumivu, usingizi uliopotea, upweke, kukata tamaa, na kuwa karibu na chombo cha kujidhuru saa ile ambayo mawazo yamefunga njia nyingine zote. Saa hiyo hupita, na wengi waliozuiliwa wasijidhuru waliishi miaka mingi baadaye wakafa kwa sababu nyingine kabisa. Ndiyo maana inauma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipoanza kusoma habari hizi tuligundua kwamba marehemu hakuwa peke yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni miongoni mwa sababu kuu za vifo. Kuhusu askari, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza walichapisha mwaka 2009 uchunguzi ulioonyesha kwamba wanaume wa miaka 24 na chini ya hapo waliotoka jeshini walikuwa katika hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya vijana wa rika lao, na kwamba miaka miwili ya mwanzo baada ya kutoka ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Marehemu alitoka akiwa na miaka 24 na kufariki akiwa na 26. Tulipousoma mstari huo, tulifunga karatasi na hakuna aliyezungumza kwa muda. Nchini Marekani nako, mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Brown ulikadiria mwaka 2021 kwamba askari na waliowahi kuwa askari 30,177 wa vita zilizofuata shambulio la Septemba 2001 wamekufa kwa kujiua, ilhali waliouawa katika operesheni za kijeshi za vita hizo walikuwa 7,057.

Takwimu hizo ndizo zinazotufikisha kwenye ombi letu. Ndani ya ukumbi huu, upande wa kulia wa jukwaa, kuna kibao chenye majina ya wanafunzi wa shule hii waliokufa wakitumikia jeshini. Jina la mwenzetu halimo. Tulipouliza tulijibiwa kwa upole kwamba alifariki akiwa raia, na kwamba, pamoja na hayo, namna alivyofariki inaleta ugumu. Sababu ya kwanza ni ya utaratibu na tunaielewa, lakini tunaamini ni hiyo ya pili iliyoamua.

Ugumu huo una historia ndefu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari Charles Myers aliandika katika jarida la kitabibu la The Lancet kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona, kunusa na kuonja baada ya kupigiwa makombora, wakati ambapo wengi waliwaona watu kama hao kuwa waoga. Katika vita hiyo hiyo, jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake kwa makosa ya kutoroka, woga na mengineyo, na haikuwa mpaka mwaka 2006 ambapo askari 306 miongoni mwao walisamehewa kwa sheria, miaka tisini baadaye, wakati wajane wao walikuwa wamekwisha kufa. Wataalamu wa Marekani waliandika ugonjwa wa msongo utokanao na tukio la kutisha katika mwongozo wao rasmi wa magonjwa ya akili mwaka 1980 tu. Na kwa miaka mingi rais wa nchi hiyo alipeleka barua ya rambirambi kwa familia ya askari aliyeuawa vitani, lakini familia ya askari aliyejiua huko huko vitani haikuandikiwa, mpaka utaratibu huo ulipobadilishwa mwaka 2011. Hatukuwahi kufikiri kwamba kutoandikiwa barua kunaweza kuwa adhabu, mpaka tulipomwona Mama akikisoma kibao kile kutoka juu mpaka chini, mara mbili.

Tunaifahamu pia hofu ya walimu, na si hofu ya kupuuzwa. Wanauliza kama kumwandika hakutawafanya wanafunzi wanaoumia wadhani kwamba hiyo ni njia ya kupata heshima. Ni kweli kwamba habari za kujiua zikisimuliwa vibaya, kwa kueleza namna ilivyotendeka au kwa kumpamba aliyekufa kana kwamba alishinda kitu, huweza kuwadhuru wengine walio dhaifu. Kwa sababu hiyo hatuombi sanamu, wala shairi, wala maelezo ya namna alivyokufa, na ndiyo sababu hamkuyasikia katika risala hii. Tunaomba mstari mmoja wenye jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, kwa maandishi yale yale na ukubwa ule ule kama wa wenzake. Ushauri unaotolewa kwa shule ni kwamba kifo cha namna hii kishughulikiwe kama vifo vingine, kisikuzwe wala kisifichwe. Kificho nacho hufundisha. Humfundisha mwanafunzi mwenye maumivu kwamba jambo lake ni la aibu kiasi cha kufutwa, na mtu wa namna hiyo hatamwendea mwalimu.

Chini ya kibao hicho tungependa pawekwe namba ya simu ya msaada, iandikwe kwa herufi zinazosomeka na mtu mwenye haraka. Nchini Marekani tangu mwaka 2022 namba hiyo imefupishwa kuwa tarakimu tatu, 988, na aliyewahi kuwa askari akibonyeza 1 huunganishwa na watu wanaoijua lugha ya jeshi. Tunakuomba wewe, Mheshimiwa, kwa nafasi uliyonayo, uwasemee vijana wanaotoka jeshini wapate namba fupi ya namna hiyo, na zaidi ya namba, wapate mtu mmoja aliyetajwa kwa jina ambaye kazi yake ni kumtembelea kila anayetoka katika miaka hiyo miwili ya mwanzo, aulize, na asiridhike na "niko sawa."

Sisi wahitimu tumeanza na hilo kwa uwezo wetu mdogo. Katika kundi letu wapo wanne waliotoka jeshini, na kila mmoja ana wawili wanaomtembelea kwa zamu. Tumejifunza kuuliza waziwazi kama mtu anafikiria kujiua, jambo ambalo mwanzoni lilitutia hofu, mpaka tulipoelezwa na mtaalamu kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulitua. Mmoja wa hao wanne aliulizwa akajibu ndiyo. Leo ameketi mstari wa tatu, na ametuomba tusimtazame.

Na kama yupo humu mwingine, awe mwanafunzi, mzazi au mwalimu, ambaye anabeba mzigo wa namna hiyo, tunamwomba asitoke ukumbini peke yake. Mshauri wa shule amekaa karibu na mlango wa nyuma kwa kazi hiyo hiyo, na atakuwepo mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kibao tumekipima. Chini ya jina la mwisho kimebaki na nafasi ya mistari minne. Gharama ya kuchonga mstari mmoja tumeshaichanga, na mchongaji anasubiri barua ya Mkuu wa Shule, ambayo rasimu yake tumeiambatanisha na risala hii. Mama amekwisha kutuandikia jina kamili kwa mkono wake, ili herufi zisikosewe.

Tunaomba kuwasilisha.