Barua kutoka Isamilo

Isamilo, Mwanza

Mpendwa Bahati,

Nimefurahi kupata barua yako. Unauliza kama mimea yote ya majabalini iwekwe kundi moja, "mimea ya ukame". Hapana, ndugu yangu, na nakusihi usiwafundishe wanafunzi wako hivyo.

Wapandishe kilima chochote cha hapa. Ziwa liko pale chini, lakini juu ya jabali mvua huteleza ikapotea, kwa hiyo mimea hugawanyika kwa namna kila pahala panavyoshika maji. Kwenye uso mtupu utakuta likeni tu, yale mabaka ya kijivu na rangi ya chungwa. Kwenye ufa, mtini pori hupenyeza mizizi hadi penye unyevu, ukaona mti mzima mahali ambapo nyasi zimeshindwa. Penye kibonde cha udongo mwembamba huota majani ya msimu, yanayochanua upesi na kufa mvua zikikatika. Jabali linapoishia, maji yote hukusanyika na vichaka hufungamana. Hatua chache tu, jamii nne, yaani makundi manne ya mimea inayoota pamoja!

Utaratibu ninaouamini wa kuzitambua jamii hizo ni ule wa Josias Braun-Blanquet, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uswisi (1884–1980). Chagua kipande cha eneo chenye hali moja, andika kila aina ya mmea iliyomo, kisha kadiria imefunika kiasi gani: alama 5 ni zaidi ya robo tatu ya kipande, 4 ni nusu hadi robo tatu, 3 ni robo hadi nusu, 2 ni asilimia 5 hadi robo, na 1 ni chini ya hapo. Ukiwa na vipande vingi, vipange kwenye jedwali uone aina zipi huandamana kila mara. Hizo ndizo zinazoitambulisha jamii, hata kama ni ndogo kuliko mti uliosimama katikati. Kipande kisivuke kamwe kutoka kwenye ufa hadi uso mtupu. Utachanganya jamii mbili na jedwali halitakuonyesha kitu.

Majina ya Ulaya usiyaazime. Mimea ya nyufa za huko imewekwa katika daraja la Asplenietea trichomanis, jina linalotokana na kangaga mdogo. Yetu, yenye mishubiri na mikonge pori, inastahili kupangwa kwa jedwali lake yenyewe.

Nyumba zinazidi kupanda vilimani, kwa hiyo ningeanzia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013. Omba kibali mapema. Njooni Novemba, vuli ikiwa imekolea, maana Agosti majani ya msimu hamtayaona. Mje na futi ya kamba na penseli, kwani wino huchuruzika mvua ikinyesha.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Sabina