Asante kwako uliyeziokoa lebo za picha zetu

Ndugu yangu, jina lako silijui, lakini nakushukuru kwa moyo wote. Nilikuwa nahamisha picha za ukoo wetu kutoka Lightroom Classic kwenda digiKam, zote programu za kupanga picha, na roho ilikuwa juu: lebo, yaani majina tuliyoziwekea picha, zikipotea, nani atatuambia yupi ni yupi katika zile harusi za Pangani? Aliyenitajia majina yale ni bibi, naye ametangulia mbele ya haki.

Ulinielekeza bila haraka. Lebo hukaa kwenye katalogi, yaani daftari la kumbukumbu la Lightroom, si lazima ziwe ndani ya picha. Basi humo Lightroom nichague picha zote, nibonyeze Ctrl na S, ziandikwe kwenye faili. Picha za kawaida za JPEG huzibeba ndani yake. Picha ghafi (RAW), zile ambazo kamera haijazichakata, huwekewa pembeni faili ndogo ya XMP yenye lebo hizo, nayo ihame pamoja na picha yake, isiachwe nyuma hata moja. Kisha niiruhusu digiKam, kwenye mipangilio, isome faili hizo za pembeni. Hapo ndipo wengi hukwama, ulisema, na ulikaa nami mpaka nikapaona.

Sasa nikibofya “Harusi”, chini yake ipo “Pangani”, na majina yote yapo. Mungu akuzidishie, wewe na waliokulea.