Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: panya wa mlimani wasomwe na vijana wetu

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Mpwapwa, ninakofundisha baiolojia kwenye shule ya kata. Asubuhi moja ya Juni, baridi ikiwa imetushika kwelikweli, mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliniletea panya aliyemnasa kwenye kihenge cha bibi yake. Alikuwa ndani ya kopo la rangi, amejikunyata, anatetemeka mpaka masharubu.

"Mwalimu, anaogopa au anasikia baridi?"

Nikamwambia huenda yote mawili, ila kutetemeka kule ni kazi: misuli inachoma chakula ili mwili upate joto, na kuchoma huko kunataka oksijeni. Mnyama mdogo hupoteza joto upesi kuliko ng'ombe, maana ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na mwili wenyewe. Mtoto akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa panya wa juu Kilimanjaro anatetemekaje, na kule hewa ni nyepesi?"

Mheshimiwa, swali hilo ndilo limenishikisha kalamu. Kwenye mwinuko wa mita 4,000, pumzi moja ina takribani asilimia 60 tu ya oksijeni anayoivuta mtu wa Dar es Salaam. Baridi inamdai panya achome zaidi, na hewa inamnyima cha kuchomea.

Jibu tunalo, lakini limetoka mbali. Huko Amerika Kaskazini yuko panya wa porini, Peromyscus maniculatus, anayeishi kuanzia tambarare hadi zaidi ya mita 4,000 kwenye milima ya Rocky. Watafiti walipopima misuli ya wale wa mlimani, waliikuta ina mishipa midogo ya damu mingi zaidi, na nyuzi nyingi zaidi za aina inayotegemea oksijeni. Kilichonigusa kuliko vyote ni mitokondria, zile sehemu za seli zinazochoma chakula. Nyingi zimesogea pembezoni mwa uzi wa msuli, jirani na mshipa wa damu, kama sisi huku tunavyopenda kujenga karibu na kisima ili mtu asibebe ndoo mbali. Tena hata waliozaliwa na kulelewa bondeni wanaonyesha tofauti hizo, kwa hiyo ni urithi, wala si mazoezi ya kupanda mlima. Na mwaka 2020 panya mmoja wa aina nyingine alinaswa kileleni mwa mlima Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, mita 6,739. Kilele chetu cha Uhuru, juu Kilimanjaro, ni mita 5,895.

Sisi tunaye kirukanjia wa Kilimanjaro, Myosorex zinki, asiyepatikana mlima mwingine wowote duniani. Tunao panya wa milia kwenye nyasi za juu kule. Tunayo milima ya Meru na Hanang. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko hapa mkoani, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kule Morogoro wamewasoma panya miaka mingi.

Ombi langu ni moja: litengwe fungu, hata dogo, kwa wanafunzi wa uzamili wa vyuo hivi wasome misuli ya panya wa milima yetu na kuilinganisha na ya wale wa tambarare. Kirukanjia yule ni adimu, asiguswe ovyo; waanze na panya wa milia, ambao ni wengi. Na sampuli zisomwe hapa hapa nchini. Tunao wapagazi wanaobeba mizigo kwenye hewa ile, na wodini wako wagonjwa wa mapafu ambao misuli yao inakosa oksijeni wakiwa wamelala kitandani. Elimu hii inawahusu.

Shuleni kwetu hadubini ni moja na lenzi yake imepasuka, kwa hiyo uzi wa msuli nilimchorea mtoto yule kwa chaki. Panya tulimwachia saa nne, jua lilipokolea, akiwa ametulia. Swali nimeliandika kwenye pembe ya ubao, na nimewaomba walimu wenzangu wasilifute.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa baiolojia,
Mpwapwa, Dodoma