Malalamiko: tabo ya Land Cruiser HJ61 iliyokarabatiwa na gereji yenu

Chumbageni, Tanga.

Kwa Meneja wa Ukarabati,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gari ni Land Cruiser HJ61, injini 12H-T, dizeli ya lita 4, silinda sita za mstari. Ni la kazi: linapandisha wageni Amani kutoka Muheza. Nililileta kwenu kwa sababu tabo, ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, ilikuwa inapiga mluzi na shafti ina mchezo. Moshi halikuwa nao, na fomu ya mapokezi aliyoijaza kijana wenu inasema hivyo hivyo. Nakala naambatanisha.

Limerudi Tanga linatoa moshi wa bluu. Nikisimama Segera kidogo halafu nikakanyaga mafuta, aliye nyuma yangu haoni barabara. Mkasema sili za tabo, zile za kuzuia oili, zimekufa. Nikalirudisha, mkabadilisha sili, nikalipa tena, na moshi uko pale pale. Sasa mnasema injini imechoka, ringi za pistoni zimekwisha, nitafute injini nyingine!

Fundi wangu hapa amepima kompresheni: silinda zote sita ziko sawa. Ukifungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inawaka, hakuna hewa inayosukuma mkono. Injini iliyokufa ringi haiwi hivyo. Ndipo akafungua bomba la kurudisha oili, lile linalotoka chini ya tabo kwenda kwenye bloku. Gasketi hakuna. Mafundi wenu wamepaka silikoni nyekundu, na bolti zilipokazwa ikafurikia ndani na kuganda kama ulimi, imeziba zaidi ya nusu ya tundu. Bomba la chuma la Toyota nalo limeondolewa. Mmeweka mpira wa maji, mrefu kupita kiasi, umening'inia, ukajikunja, kisha unapanda tena kabla ya kuingia kwenye bloku. Oili imelala pale kwenye kona, na mpira umeshaanza kuvimba na kulainika kwa sababu haukutengenezwa kwa oili. Picha zimo.

Sikutarajia kuwaeleza haya watu wanaokarabati tabo kwa riziki yao. Sili za tabo si za mpira kama ya krenki. Ni ringi nyembamba za chuma, na peke yake hazizuii oili iliyojaa. Kinachosaidia ni presha ya hewa upande mmoja na ya ekzosi upande wa pili, pamoja na oili yenyewe kuondoka haraka. Oili inaingia juu kwa presha ya pampu, inapita kwenye bushi za shafti inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inatoka ni povu tupu. Kutoka hapo inashuka kwa uzito wake, hakuna cha kuivuta. Kwa hiyo bomba la kurudi huwa nene kuliko la kuingia, na linatakiwa lielekee chini, lisiiname zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima. Likiziba, oili inajaa, inavuka ringi, inaungulia kwenye ekzosi, hata mkiweka sili za dhahabu. Injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, presha ile ni ndogo, ndiyo maana moshi unazidi baada ya kusimama.

Kwa hiyo mtume fundi Tanga, maana gari silileti tena huko. Aje na gasketi halisi na bomba langu la chuma. Tabo ifunguliwe, isafishwe silikoni yote, na mrija wa kuingizia oili ukaguliwe pia. Pesa ya sili za mara ya pili na ya oili iliyoungua nirudishiwe. Risiti zimo humu.

Ile taarifa yenu kwamba injini imekufa ifutwe kwa maandishi. Mmemtumia nakala mwenzangu tunayemiliki naye gari, na sasa anataka tuliuze kwa bei ya chuma chakavu.

Nisipopata jibu la maandishi mwezi huu, barua hii na picha zake nitazipeleka Tume ya Ushindani. Na kama lile bomba mmeshalitupa, semeni mapema, maana la HJ61 halipatikani kila duka.

Mteja wenu,
Chumbageni.