Babu Hahitaji Fimbo

Jericho, Nairobi
Jumapili usiku

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Changamwe. Nimechelewa kukuandikia na sababu unaijua. Uliponiambia Krismasi kwamba mwanangu Babu hatii na anahitaji fimbo tu, nilinyamaza. Sikuwa nimekubali. Nilinyamaza kwa aibu, maana muhula uliotangulia nilikuwa nimeshampiga kwa mwiko, kwa ajili ya viatu.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uji mezani, gari la shule linapiga honi. Namwambia avae viatu. Anaenda, anaokota kimoja, anaona nzi dirishani, anamfuata, anarudi mikono mitupu akiniuliza nzi hulala wapi. Namrudisha. Mara ya pili mguu umeingia lakini kamba zinaning'inia, naye yuko juu ya kiti. Mara ya nne nikainua mkono. Alilia, akafunga kamba za kiatu kimoja, na kabla machozi hayajakauka akawa ameshasahau cha pili. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mtoto mkaidi angekumbuka kichapo. Huyu alitaka kutii, ila agizo lenyewe lilimponyoka njiani.

Shule ya kwanza walimpigisha magoti nje ya darasa, na mwalimu mmoja alimchapa, ingawa viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001. Tukamhamisha. Kisha tukampeleka KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani, wakampima macho na masikio, kwani mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana hatii. Yote yako sawa. Daktari wa watoto akatupa fomu mbili za maswali, moja yetu na moja ya mwalimu. Alieleza kwamba ili iitwe ADHD, yaani tatizo la ubongo la kukosa umakini na kutotulia, dalili lazima zionekane mahali pawili au zaidi, ziwe zimedumu angalau miezi 6, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Za Babu zimo zote.

Haisababishwi na sukari, ambayo nilikuwa nimeiondoa nyumbani wiki nzima bila kuona tofauti, wala haisababishwi na mama kudekeza. Kwa sehemu kubwa hurithiwa. Baba yake aliposikia hilo alikaa kimya mpaka tukafika kituoni, halafu akaniambia kwamba alipokuwa Darasa la Nne yeye mwenyewe alishinda nje kuliko ndani. Miaka tisa ya ndoa na sikuwahi kulisikia hilo. Tangu siku hiyo hajamgombeza mtoto kwa kutotulia.

Sasa matibabu, ambayo ndiyo yananikosesha usingizi. Daktari anasema mtoto aliye chini ya miaka 6 huanzwa kwa kuwafundisha wazazi namna ya kumlea, na dawa husubiri. Babu ana 7, kwa hiyo anaweza kupewa vyote viwili. Mafunzo tulianza Februari. Nimejifunza kumwita jina, kusubiri aniangalie, kisha kumpa agizo moja. Si "nawa, vaa, leta mkoba," bali "nawa." Akinawa, namsifu papo hapo kwa hicho alichokifanya, na anatia kizibo cha soda kwenye mtungi. Vizibo 10 vikitimia, tunakwenda stesheni ya Makadara kutazama treni. Mama Neema, sasa anavaa viatu! Si kila siku, lakini anavaa.

Shida ni darasani. Mwalimu ana watoto wengi na hawezi kusimama kando ya mmoja kutwa. Nilifungua daftari lake la hesabu nikakuta karatasi imetoboka kwa kufutwa, na pembeni, kwa penseli, ameandika "mimi mjinga". Ukurasa huo ndio ulionifanya niulize kuhusu dawa.

Inaitwa methilifenideti. Niliogopa itamfanya awe kama mlevi, akae tu. Daktari akasema haikusudiwi kumlaza mtoto. Ni dawa ya kuchangamsha, inayoongeza dopamini, kemikali ya ubongo, katika sehemu za ubongo zinazoshika umakini, na mtoto akipooza namna hiyo ni ishara kwamba dozi imezidi. Tembe ya kawaida huanza kazi ndani ya saa moja hivi na hudumu kama saa 4. Haiponyi, ikiisha mwilini, mambo hurudi. Inaweza kupunguza hamu ya chakula, kuchelewesha usingizi, na hata kurudisha nyuma urefu kidogo, kwa hiyo atapimwa uzito, kimo na presha kila tukirudi. Akatuuliza pia kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa moyo.

La chakula ndilo linaloniuma, maana unamjua Babu alivyo mwembamba kama fito. Mama mkwe anasema tuombe tu, na maombi sijaacha. Jirani ameniletea chupa ya mitishamba, nikashukuru, nikaiweka juu ya kabati, maana siwezi kumnywesha mwanangu kitu nisichojua kimechanganywa nini.

Tumeamua. Tutaanza Jumamosi, dozi ndogo, baada ya uji ili ashibe kwanza, nami niwe nyumbani kutwa nimwone kwa macho yangu. Vizibo vinaendelea. Ikimdhuru, au akiacha kuuliza nzi hulala wapi, nitarudi kwa daktari.

Nimetaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Ukija Pasaka, mwite jina, subiri akuangalie, mtume kitu kimoja. Na kabla hujapanda treni hapo Miritini, tafadhali hesabu mabehewa. Atakuuliza ukiwa bado mlangoni.

Wako,
Mama Babu