Mashabiki wanaoruka kipande kisichoimbwa si wavivu wa kusikiliza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala iliyochapishwa katika safu yenu ya muziki, ambayo mwandishi wake aliwahesabu kuwa wavivu wa kusikiliza wale mashabiki wa bendi za roki wanaokasirishwa na kipande kisichoimbwa, yaani kile ambacho mtu hunena maneno taratibu huku nyuma yake kukiwa na mvumo wa kinanda na vishindo vya mbali visivyo na mdundo. Vipande vya namna hiyo navipenda kwa dhati, na baadhi yake nimekaa navyo kwa miaka mingi. Hata hivyo naamini mashabiki hao wameonewa, kwa sababu ghadhabu yao ina chanzo ndani ya muziki wenyewe, na mwandishi hakukigusa.

Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1978 kwa ajili ya albamu yake Music for Airports, alisema kwamba muziki wa ambienti, yaani muziki tulivu wa kujaza mahali, unapaswa kukubali viwango vingi vya usikivu: anayetaka kuufuatilia kwa makini aufuatilie, na anayetaka kuuacha upite kama hewa ya chumbani auache. Neno linalosemwa haliko hivyo. Sikio likisikia mtu anazungumza, hata kwa sauti ya chini, hata katika chumba cha pili, hujitega lenyewe kabla mwenye sikio hajaamua. Bendi inapoviweka viwili hivi pamoja, inamwambia msikilizaji apumzike na papo hapo inamwita kwa jina. Anayekereka hapo hajakosa usikivu; amevutwa huku na huku, na hakuna mdundo wa kumshika mkono.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni "Fitter Happier" cha bendi ya Uingereza Radiohead, kipande cha 7 kati ya 12 vya albamu ya OK Computer ya mwaka 1997. Hakifiki dakika mbili. Maneno yake hayasemwi na mwimbaji Thom Yorke bali na sauti ya kompyuta ya Macintosh, inayoorodhesha mambo ya mtu aliyejirekebisha: anafanya mazoezi, anakula vizuri, anaelewana na wafanyakazi wenzake, analala bila ndoto mbaya, mpaka inapofikia taswira ya mwisho ya nguruwe aliyefungiwa kizimbani akipewa antibiotiki. Nyuma yake piano inatangatanga. Mara ya kwanza nilipokisikiliza, usiku, nilizivua hedifoni kabla hakijafika nusu, kwa sababu sauti ile haipumui. Msomaji mwenye mapafu huvuta pumzi kati ya sentensi na sentensi, na pumzi hiyo humpa msikilizaji nafasi ya kumeza aliyoyasikia. Kompyuta ile hutua mahali pasipohitaji kutua, kisha ikapita moja kwa moja pale ambapo moyo ulitaka kusimama. Nilikirudia siku kadhaa baadaye, nikagundua kwamba kilichonikimbiza ndicho kilichokusudiwa: ushauri ule karibu wote ni mwema, mzazi yeyote angeweza kumpa mwanawe, lakini unatolewa na kitu kisicho na mwili wa kulishwa wala usingizi wa kulala.

Mahali kipande kinapokaa nako kuna uzito wake. Kwenye CD kinakuja mara tu baada ya "Karma Police", wimbo ambao mashabiki huuimba kwa pamoja ukumbini, na ambao humalizikia kwa mlio wa gitaa unaojikunja na kuzama. Shabiki aliye bado na wimbo ule mdomoni hukatizwa, na kidole chake kiko karibu na kitufe. Kwenye toleo la santuri mbili, kipande hichohicho ndicho kinachofungua upande wa tatu. Msikilizaji amekwisha kusimama, ameirudisha santuri ya kwanza kwenye mfuko wake, ameweka ya pili na kuishusha sindano; kilichotangulia ni ukimya, na kukiruka kungemlazimu kuinua tena sindano na kukisia mahali wimbo unaofuata unapoanzia. Nimewahi kuwasikiliza wapenzi wawili wa bendi hii, mmoja wa CD na mwenzake wa santuri, wakibishana juu ya kipande hicho kana kwamba wamesikia vitu viwili tofauti. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa.

Bendi ya Marekani The Velvet Underground walikuwa na jawabu lao kwa mvutano huo wa neno na muziki tangu mwaka 1968, ingawa muziki wao hapo haukuwa tulivu hata kidogo. Katika "The Gift", mwanabendi John Cale anasoma hadithi fupi iliyoandikwa na mwenzake Lou Reed kwa zaidi ya dakika nane, na katika toleo la stereo sauti yake imewekwa kwenye spika ya kushoto, ala zote kwenye spika ya kulia. Anayetaka hadithi husogea kushoto, anayetaka bendi husogea kulia. Naiona hiyo kuwa heshima kubwa kwa msikilizaji. Lakini hadithi ile ina tukio la mwisho ambalo likishajulikana halishtui kama mwanzo, na hapa mashabiki wana hoja ya haki kabisa: kiitikio kikirudiwa huzidi kunoga, ilhali hadithi ikirudiwa hupungua. Kinachonirudisha mimi ni Cale mwenyewe, anavyosoma jambo la kutisha kwa utulivu wa mtu anayesoma ratiba.

Hoja yao moja siikubali, nayo ni ile ya kwamba kisichoimbwa si wimbo na hakistahili nafasi katika albamu. The Beatles waliambiwa hivyo kuhusu "Revolution 9", kipande chao cha sauti na maneno yaliyounganishwa bila kuimbwa, mwaka 1968, na ubishi haujaisha hadi leo. Lugha yetu ina kusema na ina kuimba, na katikati ina kughani. Sisi tulio na neno hilo hatuna sababu ya kugombana kuhusu mpaka ambao umekwisha kupewa jina.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mhakiki wenu anapokabidhiwa kipande cha namna hii, atuambie amekisikiliza mara ngapi, kwa spika au kwa hedifoni, na kama alikipokea ndani ya albamu nzima au peke yake. Zaidi ya yote, atueleze maneno yake kwa Kiswahili. Wimbo wa kuimbwa humbeba hata asiyejua lugha yake, kwa kuwa mahadhi yanamfikishia nusu ya habari. Maneno makavu hayambebi mtu, na shabiki anayeambiwa avumilie dakika nane za usemi ambao hakuna aliyemfasiria ana kila sababu ya kuuruka. Makala yenu ilikuwa na aya tisa, na hakuna hata moja iliyotwambia kipande kile kinasema nini.

Wenu katika kupenda muziki,
Msomaji wa siku nyingi